Msiwalaumu Wanaoondoka Chuoni Mapema

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa nyumbani,

Kila Januari habari ya aina hii huvuka bahari: kijana wa miaka 21, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ametangaza kwamba hatacheza mwaka wa nne chuoni bali anajipeleka kwenye drafti, yaani uteuzi ambamo timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, hugawana wachezaji wapya. Huko nyumbani hukumu hutoka upesi: kaacha elimu, pesa imempanda kichwani. Nawaandikia kupinga hukumu hiyo, na nitazungumzia zaidi wachezaji wa safu ya ulinzi, kwa sababu ndio wanaoonyesha wazi zaidi jinsi lawama hii isivyo ya haki. Kijana huyu anafanya uamuzi wa mfanyakazi anayejua kwamba mwili wake ndio mtaji wake na kwamba mtaji huo unachakaa. Apimwe kwa kipimo hicho.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani mlango uko wazi kwa yeyote. NFL haimpokei mtu mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari, na mpango wenyewe wa kuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa 3 ulianza mwaka 1990 tu. Mchezaji Maurice Clarett wa chuo cha Ohio State alipojaribu kuivunja kanuni hiyo mahakamani, alishindwa mwaka 2004. Hukumu ya rufaa iliandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu ya Marekani, na msingi wake ulikuwa kwamba masharti ya kuingia kazini ni jambo la ligi na chama cha wachezaji kukubaliana. Kwa maneno mengine, walio ndani wanapatana na mwajiri kuhusu lini aliye nje aruhusiwe kubisha hodi, naye hayupo kwenye kikao. Kwa hiyo huyo tunayemwita mwenye haraka amekwisha kungoja miaka 3 kwa amri ya watu wengine. Chukueni mlinzi Jadeveon Clowney wa South Carolina: alikuwa akitajwa kuwa mteule wa kwanza tangu alipomaliza mwaka wa pili, mwanzoni mwa 2013, hata watu wakabishana hadharani kama akae nje msimu mzima asije akaumia. Alicheza, wala hakulipwa mshahara. Mwaka 2014 Houston Texans walimchagua wa kwanza, na goti likamsaliti katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa. Lingemsaliti mwaka mmoja kabla, hasara yote ingekuwa yake na ya mama yake.

Kwa nini walinzi hasa? Mpiga pasi hukomaa kwa kusoma mchezo. Kila mwaka chuoni humwongezea maarifa, na wako waliocheza mpaka miaka 40 na zaidi. Mlinzi wa pembeni, ambaye kazi yake ni kumkimbilia mpiga pasi na kumwangusha, huuza kasi na nguvu za ujana, tena huziuza kwa kugongana na majitu ya kilo 140 mara kadhaa kwa dakika chache. Mkataba wake wa kwanza ni wa miaka 4, na tangu mwaka 2011 malipo yake hupangwa kwa kufuata nafasi aliyochaguliwa, hivyo hana nafasi kubwa ya kupatana bei. Utajiri wenyewe uko kwenye mkataba wa pili. Mlinzi Micah Parsons hakucheza kabisa msimu wa chuo wa 2020 wakati wa korona, akateuliwa mwaka 2021, na mwaka 2025, akiwa na miaka 26, akatia saini na Green Bay mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 188. Anayekawia mwaka mmoja hufika kwenye meza hiyo akiwa mzee kwa mwaka mmoja, na vipigo vya msimu mzima mwilini.

Na wapo waliokawia wakaona matokeo. Ifo Ekpre-Olomu wa Oregon alihesabiwa miongoni mwa walinzi bora nchini baada ya msimu wa 2013, akaamua kurudi chuoni. Desemba 2014 aliumia goti vibaya mazoezini. Mwaka uliofuata akachaguliwa raundi ya 7, ambayo ndiyo ya mwisho. Hata asiyekawia hayuko salama: Jaylon Smith wa Notre Dame, akiwa bado katika mwaka wa 3 wa lazima, aliumia goti na mshipa wa fahamu katika mechi ya tarehe 1 Januari 2016, akashuka kutoka kundi la wateule wa juu kabisa hadi nafasi ya 34. Smith alikuwa na bima ya kufidia kushuka thamani, na mtu atauliza kama bima haitoshi. Bima hufidia sehemu ya tofauti ya mkataba wa kwanza. Miaka ya nguvu iliyopotea hairudishi.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko yote ni huu. Hadi Julai 2021 mwanachuo alikatazwa kupokea fedha kwa jina na sura yake. Siku hizo walioondoka mapema walikuwa wengi: mwaka 2019 walizidi 100. Kisha malipo yakaruhusiwa, na ilipofika 2024 hawakufika 60. Sababu haikuwa hiyo pekee, maana korona nayo ilivuruga hesabu za miaka ya masomo, lakini mwelekeo unajieleza. Tangu 2025 kila chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20 na ushee kwa mwaka. Vijana ni wale wale na tamaa ni ile ile, ila kazi ya chuoni sasa ina ujira, nao wamebaki. Kama kiini kingekuwa kudharau vitabu, mshahara usingewabakisha.

Nasikia mnavyonijibu: je, wanaobaki wakafanikiwa? Wapo, tena mmoja anatuhusu. Andrew Mukuba alizaliwa Zimbabwe, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Kongo, akakulia Texas. Baada ya misimu 3 Clemson angeweza kujipeleka kwenye drafti. Alihamia chuo kikuu cha Texas, akanasa pasi 5 za wapinzani katika msimu mmoja, na Philadelphia wakamchagua raundi ya pili mwaka 2025. Alifanya sawasawa. Aidan Hutchinson wa Michigan naye alirudi baada ya kuumia mwaka 2020, akawa mteule wa pili mwaka 2022. Hawa walibaki kwa sababu thamani yao ilikuwa bado haijaonekana, nayo ni hesabu ile ile ya mfanyakazi. Asiyetarajiwa katika raundi mbili za kwanza hana sababu ya kukimbia, na NFL yenyewe ina kamati inayompa kijana makadirio kabla hajaamua. Takriban theluthi ya wanaoondoka mapema hubaki bila kuteuliwa. Hao walidanganywa, au walijidanganya, na siwatetei.

Kuhusu shahada, chuo hakihami. Emmitt Smith, ambaye kwa kweli alikuwa mkimbiza mpira na si mlinzi, aliondoka Florida mapema mwaka 1990 na akahitimu mwaka 1996, akiwa tayari bingwa. Sidai kwamba kuondoka mapema ni kinga ya maisha. Katika drafti hiyo hiyo ya 1990 walinzi wawili walioacha mwaka wa nne waliteuliwa wakifuatana, wa 4 na wa 5: Keith McCants, ambaye maumivu na uraibu vilimtesa na uchezaji wake ukakoma mwaka 1995, na Junior Seau, aliyecheza misimu 20, akajiua mwaka 2012, na ubongo wake ukakutwa na ugonjwa unaohusishwa na vipigo vya kichwa. Mchezo huu unakula watu, walioondoka mapema na waliochelewa. Ndiyo maana sioni kwa nini tumtake kijana aongeze mwaka mmoja wa kuliwa kwa bei ya chini.

Basi likitokea jambo hili katika ukoo wetu, na watoto wa familia za Kikongo na za Afrika Mashariki wanaocheza huku wapo, naomba simu yenu isianze na lawama. Mwulizeni kijana kamati imemkadiria raundi gani, chuo kinamlipa kiasi gani akibaki, magoti yake yana hali gani, na nani atamlipia masomo akitaka kurudi. Akiwa na majibu, mpeni baraka aende. Akiwa hana, mwambieni abaki.

Ndugu yenu,
Marekani