MCHEZO WA NYATI SI WA HAKI

Ndugu wafanyakazi, safari hii hatuzungumzii mshahara moja kwa moja, bali mahali ambapo sehemu ya mshahara huishia. Uko mchezo wa pombe uliozoeleka kwenye baa za Uingereza, Marekani na Australia, uitwao Buffalo, yaani nyati. Umekwisha kufika mezani petu pia, na baadhi ya vijana wetu wanaucheza kila mwisho wa mwezi.

Masharti yake ni mafupi. Ni marufuku kunywa kwa mkono wa kulia. Ukionekana, wenzako wanapiga kelele "Buffalo!" nawe huna budi kumaliza kilichomo gilasini kwa mara moja. Aliyepiga kelele kwa makosa, adhabu inamrudia mwenyewe. Tena wanasema ukishaingia, umeingia kwa maisha yako yote.

Sasa tuulizane habari ya haki. Kama ni mkono wa kushoto kwa kila mtu, mwenzetu aliye mashoto anakaa raha mustarehe na hanaswi. Watu wa namna yake ni kama mmoja katika kumi. Kwa ajili hiyo wengine wamegeuza sharti: kila mtu anywe kwa mkono asiouzoea. Hii ni afadhali, lakini shahidi ni nani? Mgeni anaweza kujitangaza mashoto akiwa si mashoto. Na wachumaji wa chai, ambao mikono yao yote miwili hufanya kazi mchana kutwa, tuwaweke upande gani? (Mzee mmoja aliyepewa gilasi kwa mkono wa kushoto aliondoka mezani kwa hasira, na hatumlaumu.)

Lakini ubaya mkubwa hauko kwenye mkono, uko kwenye adhabu. Kosa ni moja, malipo si sawa. Aliyebakiza mafunda mawili anayameza akicheka; aliyejaziwa gilasi sasa hivi anaimeza yote. Na ni nani hasa anayesahau? Ni yule aliyetoka zamu ya usiku akiwa amechoka, au aliyekwisha kulewa. Akisahau, ananyweshwa, akinyweshwa, anazidi kusahau. Katika kiwanda tungekataa katakata faini ya namna hiyo, inayompata aliyechoka kuliko wengine na kumchosha zaidi.

Ini huondoa pombe polepole, wala kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Mwenzetu mmoja alinaswa mara nne usiku mmoja. Asubuhi alisimama mbele ya mashine mikono ikimtetemeka, nasi tulimwondoa kabla msimamizi hajafika. Tulifanya kazi yake pamoja na yetu. Waliompigia kelele usiku walikuwa miongoni mwetu, na hilo tunalikiri.

Basi maoni yetu ni haya. Asihesabiwe mchezaji mtu ambaye hakukubali kwa kinywa chake kabla ya gilasi ya kwanza. Kila mtu aseme mapema mkono wake ni upi. Anayetaka kutoka atoke, maana hata mkataba wa kazi una njia ya kuuvunja. Na anayenaswa atoe sarafu kwenye kopo la kununulia chakula cha wote, asinyweshwe. Wale watakaosema kwamba hapo mchezo umekosa utamu, watuambie utamu wenyewe ulikuwa nini.