Mdhamini si mwenye mali

Majuzi, katika mhadhara, niliwataka wanafunzi wangu waandike maana ya neno 'mdhamini'. Mmoja alisema ni anayemtoa mwenzake korokoroni. Wa pili, anayemlipia mwanafunzi karo. Wa tatu, kampuni inayogharimia mashindano ya kandanda. Wote walisema kweli. Hata hivyo, hakuna aliyetaja mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine aitunze kwa manufaa yao.

Tofauti hii si ndogo. Mdhamini wa mahakamani huhatarisha mali yake mwenyewe. Mshtakiwa akitoroka, hasara ni ya mdhamini. Mdhamini wa ardhi hushika mali ya watu; akikosa uadilifu, hasara ni yao. Ole wetu tunapompa huyu wa pili heshima anayostahili yule wa kwanza!

Kiswahili hakikukosa maneno ya kuwatenganisha. Tunalo 'amana', kitu kilichowekwa kwa mtu ili kirudi salama. 'Wasii', msimamizi wa mirathi. Na 'wakfu', mali isiyouzwa wala kurithiwa. Kinyume cha amana ni 'hiana', nalo lina shina moja na 'haini'. Leo twadhani haini ni yule tu anayeisaliti dola. Kiasili, hata aliyekula amana ni haini.

Nasema haya kwa sababu ya ardhi. Baada ya uhuru wa 1963, mabaraza ya wilaya yalikabidhiwa ardhi ya jamii yaishike kwa niaba ya wakazi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilifichua jinsi sehemu ya ardhi hiyo ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 63, iliziachia serikali za kaunti dhamana ya ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na sheria ya 2016 ikazikataza kuiuza au kuihamisha.

Sheria ni njema, lakini mwananchi asiyejua kwamba diwani au gavana ni mtunzaji tu atakwenda kumwomba kwa unyenyekevu kile kilicho chake. Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: mnapofundisha msamiati, lifundisheni neno hili kwa maana zake zote. Na anayekula ardhi ya jamii, tusimwite mjanja. Lugha yetu imekwisha kumpa jina: haini.