Toeni Vyungu vya Maua Barazani

Mimi ni wa Kiwanjani, Isiolo, mtaa uliopakana na uwanja wa ndege. Uwanja ulipopanuliwa watu walihamishwa, na malalamiko ya ploti na fidia yakadumu miaka na miaka. Ndiyo maana nikiambiwa "watalii watakuja", swali langu la kwanza ni: nani atahama?

Halafu nikawa mtalii mimi mwenyewe. Nilivuka mpaka hadi Unguja, nikakodisha nyumba Mji Mkongwe kupitia simu. Tangazo lilisema ni nyumba halisi ya Kiswahili. Kweli, mlango ulikuwa wa nakshi, kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Nikapiga picha, nikarusha Insta, washikaji wakasifu.

Asubuhi ya pili nilimkuta mzee amesimama kichochoroni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?" Akaonyesha dirisha la juu. "Nimezaliwa chumba hicho. Sasa nakaa Mwanakwerekwe. Ijumaa hupanda daladala nije kusali huku."

Nikamkaribisha akae. Akacheka. Akae wapi? Baraza lote lilikuwa limepangwa vyungu vya maua, na vyungu hivyo vilikuwa kwenye picha zangu. Nilikuwa nimevisifu.

Sasa mnisikilize. Nyumba ya Kiswahili si mlango wa nakshi. Ni mpango wa kuishi na watu. Baraza liko nje kwa yeyote apitaye: jirani, muuza kahawa, msafiri aliyechoka. Ukumbi ni wa mgeni wa heshima. Vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Tunachokodisha sisi kimeugeuza mpango huo juu chini. Mgeni asiyejulikana hata jina la ukoo wake analala chumba cha ndani kabisa, na mtoto wa nyumba hana pa kukaa hata nje. Hiyo tunaiitaje halisi?

Najua mtakachosema. Bila pesa za wageni, nyumba hizi zitaanguka. Ni hoja nzito, siikwepi. Mawe na chokaa havivumilii mvua bila matengenezo, na matengenezo ni ghali. Hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 linalojulikana dunia nzima, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa. Lakini UNESCO ilipouweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, haikuorodhesha kuta peke yake. Ni mji wa watu. Ukiokoa ukuta ukapoteza jirani, umebaki na duka la picha. Na pesa ya mgeni inaweza kukarabati paa huku mwenye nyumba akiishi chini yake. Haidai afukuzwe kwanza.

Wala msidhani haya ni ya Wazanzibari tu. Lamu, hasa Shela, nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa ng'ambo. Na Lamu imefungwa kamba moja na sisi: mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa 2012, unaanzia bandari ya Lamu na kupitia Isiolo, na kwenye mipango yake Isiolo imechorwa kuwa jiji la kitalii. Uwanja wetu wa ndege ulifunguliwa 2017. Sisi hatuna majumba ya mawe, lakini tuna chai ya maziwa ya ngamia na majirani wa kila kabila. Nako siku moja mtu atajenga manyatta ya kukodisha kwa dola, aiite halisi, na mama aliyezaliwa pale aje kufagia.

Kwa hivyo wewe unayepanga safari ya Disemba, kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Mwenye nyumba anaishi wapi? Nani katika kichochoro hicho anapata riziki kwa mimi kulala hapo? Je, jirani anaruhusiwa kukaa barazani? Ukijibiwa kwa ukimya, tafuta kwingine. Kuna familia zinazokodisha chumba kimoja na kubaki nyumbani kwao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililala siku tano na hakuna aliyenipa, kwa sababu wa kunipa alikuwa Mwanakwerekwe. Basi nimejichukulia jembe mwenyewe, na kazi ya kwanza ni kuhamisha vile vyungu.