Mvua ya Mtumba na Mabati Yetu



Huenda mkatuuliza, gazeti la visiwani lina haja gani na mvua ya Ugogo? Haja tunayo. Tangu ulipofunguliwa Mji wa Serikali pale Mtumba, mashariki ya Dodoma, mwaka 2019, mengi ya Muungano yatuhusuyo huamuliwa huko, na wajumbe wetu hawana budi kwenda. Aendaye hurudi na khabari za majumba ya wizara. Sisi twaleta khabari ya tangi.

Tuliliona kwa mama mmoja wa hapo Mtumba, mtu wa kawaida. Wazee wake waliishi katika tembe, na paa la tembe ni udongo, kwa hiyo hapana awezaye kukinga maji yake akayanywa. Yeye ameezeka bati, akatia mfereji ukingoni na tangi la saruji pembeni. Tulipomwuliza sababu alitutajia miezi tu: mvua yaanza Desemba, Aprili yakoma, na baada ya hapo ni vumbi.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, basi paa la mita 10 kwa 8 lapokea lita 45,600. Toa khumusi kwa yale yamwagikayo, zabaki 36,480. Watu sita wakitumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupikia, tangi la lita 6,300 lawavusha siku 210 za kiangazi.

Unguja mvua yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nasi masika twayatazama maji yakipita uani kwenda baharini, kisha kiangazi twapanga ndoo mferejini, na ndugu zetu wa pwani ya mashariki wanateka maji ya chumvi visimani. Aibu hii si ya Serikali peke yake. Lakini Serikali twaidai: skuli au kituo cha afya kisifunguliwe bila ya mifereji na tangi, na mnyonge akopeshwe saruji alipe kidogo kidogo. (Mwandishi ni muuza duka, lakini saruji hauzi.)

Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, kwani ina vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, na mdomo wake utiwe wavu, ama sivyo mtafuga mbu. Bomba liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili mashapo yabaki chini. Ya kunywa yachemshwe.

Na maji yaliyokwisha kutumika yasimwagwe. Maji ya udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni safi ila hayatwahirishi tena. Udhu wa pili hayafai, lakini mchicha haujali madhehebu. Ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye mgomba. Ya sabuni yasafishe choo.

Katika mkutano ujao, kila katibu wa tawi alete urefu na upana wa paa la ofisi yake, na kiasi cha fedha kilichomo sandukuni. Tutaanza na tawi lenye paa kubwa.