Tarakimu za yadi na ukweli wa barabara

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ni kizuri kinachojiuza chenyewe. Hayahitaji kupambwa kwa tarakimu ambazo barabara zetu haziwezi kuzithibitisha. Hata hivyo, upambaji huo ndio ninaousikia kila ninapopita katika yadi za magari yaliyotumika mjini Nairobi. Mnunuzi huambiwa kwamba gari hili dogo kutoka Japani litamwendesha kilomita 35 kwa lita moja, na kwamba bei yake ya juu itajilipa yenyewe kwa muda mfupi.

Jambo hili si dogo. Mwalimu anayenunua gari kama hilo aghalabu hanunui kwa fedha taslimu. Huenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo, akatafuta wadhamini miongoni mwa wenzake, akatia saini na kukubali kukatwa mshahara kwa miaka kadhaa. Tangu Septemba 2023, bei ya petroli mjini Nairobi ilipopita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza, wengi wamechukua uamuzi huo kwa kutegemea tarakimu moja tu: kilomita kwa lita. Ikiwa tarakimu hiyo si ya kweli kwa barabara zetu, basi mkopo wote umejengwa juu ya mchanga.

Kwanza tuelewe jinsi gari hili linavyofanya kazi. Gari la kawaida likiwa kwenye msongamano huendelea kunguruma na kuchoma mafuta hata likiwa limesimama. Likipiga breki, nguvu yote ya mwendo hugeuka kuwa joto na kupotea hewani. Gari la haibridi hufanya kinyume. Linaposimama, injini huzimika. Linapoanza kutambaa, mota ya umeme ndiyo husukuma magurudumu. Linapopunguza mwendo, mota hiyohiyo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ndiyo sababu gari hili, tofauti na ndugu zake wa zamani, hutumia mafuta kidogo zaidi mjini kuliko kwenye barabara kuu.

Sasa tuiangalie hiyo tarakimu. Gari aina ya Toyota Aqua lilipoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, lilipewa kilomita 35.4 kwa lita kulingana na kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Kipimo hicho hakifanywi barabarani. Gari huwekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya maabara, likaendeshwa umbali wa kilomita 8 hivi kwa dakika 20, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hakuna mlima wala matuta, na hakuna matatu inayokukatia njia ghafla ukalazimika kukanyaga breki.

Gari hilohilo liliuzwa Marekani kuanzia 2012 kwa jina la Prius c. Huko Shirika la Kuhifadhi Mazingira lilililipa alama za kipimo chake lenyewe: maili 53 kwa galoni mjini na 46 kwenye barabara kuu. Tukigeuza vipimo hivyo, tunapata takriban kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 kwenye barabara kuu. Gari ni moja, injini ni moja, betri ni moja. Lakini bahari ilipovukwa, zaidi ya thuluthi moja ya sifa zake ilitoweka.

Je, Wajapani walidanganya? La hasha. Ni kweli kwamba mwaka wa 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kuchezea takwimu za mafuta za baadhi ya magari yake madogo, na huo ulikuwa udanganyifu mtupu. Hili la Aqua ni jambo jingine. Ni tofauti ya mtihani. Kila mwalimu anafahamu kwamba mwanafunzi aliyepata alama 90 katika mtihani mwepesi na 60 katika mtihani mgumu hajabadilika akili. Kilichobadilika ni karatasi. Marekani wenyewe walilitambua hilo. Prius ya 2004 ilipewa maili 60 kwa galoni mjini chini ya kipimo chao cha zamani. Kipimo kiliporekebishwa kwa magari ya kuanzia 2008, ili kihesabu mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi, gari hilohilo lilishushwa hadi maili 48. Japani nayo imekwisha kuacha JC08 na kuhamia kipimo kinachokaribiana zaidi na mwendo halisi.

Msomaji atauliza ni kwa nini pengo hili huwa kubwa hasa katika magari ya haibridi. Jibu liko katika hesabu rahisi. Gari linalotumia mafuta kidogo huumizwa zaidi na kila mzigo unaoongezwa. Tuseme kiyoyozi kinahitaji lita moja zaidi kwa kila kilomita 100. Kwa gari linalotumia lita nane, hilo ni ongezeko la moja kwa nane. Kwa gari linalotumia lita nne, ni robo nzima. Fauka ya hayo, gari likisimama kwenye foleni huku kiyoyozi kikivuma, betri hupungua, na injini hulazimika kuwaka ili kuijaza, ingawa gari halijasogea hata hatua moja.

Safari fupi nazo zina adhabu yake. Injini iliyopoa asubuhi huwaka ili ipate joto, hata kama umeme ungetosha kulisogeza gari. Anayeishi kilomita tatu kutoka shuleni hufika kabla ya gari lake kuanza kuonyesha ustadi wake. Kuna pia milima. Betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata kilowati-saa moja. Ukiteremka kutoka Limuru kuja Nairobi hujaa upesi, na nguvu inayobaki hupotea kwenye breki kama ilivyo katika gari lolote. Ukiingia kwenye barabara ya kulipia ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, upinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, na breki haziguswi mara nyingi, hivyo mota hupata kidogo cha kurejesha.

La mwisho ni umri. Sheria yetu inaruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka minane. Tarakimu ya kiwandani ilikuwa ya gari jipya. Tunalonunua sisi lina betri iliyokwisha kufanya kazi kwa miaka. Betri iliyochoka huhifadhi kidogo, na injini huwaka mara nyingi zaidi. Hata vumbi lina usemi hapa. Katika magari mengi ya aina hii, hewa ya kupoza betri hupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kuzeeka mapema. Ni wanunuzi wangapi wanaoambiwa hayo siku ya kukabidhiwa ufunguo?

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu. Nikipima kwa haki, nitasema kwamba gari la haibridi mjini ni bora, tena kwa umbali mkubwa. Katika kipimo hichohicho cha Marekani, Toyota Yaris ya 2012 yenye gia za otomatiki, gari la ukubwa unaokaribiana na Prius c, ilipata maili 30 kwa galoni mjini, yaani chini kidogo ya kilomita 13 kwa lita. Kwa hiyo haibridi iliokoa zaidi ya asilimia 40 ya mafuta. Huo ni ushindi wa kweli. Ninachokataa ni kuongezewa ushindi wa uongo juu ya ushindi wa kweli.

Baadhi ya watu watasema: ikiwa bado ni bora, kelele za nini? Natoa mfano wenye tarakimu za kufanyia hesabu tu. Mwalimu anaendesha kilomita 10,000 kwa mwaka. Gari la kawaida linampa kilomita 12 kwa lita, kwa hivyo atanunua lita 833. Petroli tuiweke Sh180. Muuzaji anamwahidi kilomita 35.4 kwa lita, yaani lita 282 tu. Akiba ni kama Sh99,000 kwa mwaka. Barabara inampa kilomita 20 kwa lita, yaani lita 500. Akiba ni Sh60,000. Ikiwa gari la haibridi lilimgharimu Sh300,000 zaidi, kwa maneno ya muuzaji atazirudisha baada ya miaka mitatu. Kwa ukweli wa barabara atangoja miaka mitano. Na katika miaka hiyo miwili ya ziada, ndipo betri iliyoingia nchini ikiwa na umri wa miaka saba au minane inapoweza kudai kubadilishwa. Aliyepanga karo ya mwanawe kwa hesabu ya kwanza atajua maana ya kelele hizi.

Kuna mtego mwingine, na huu umo katika kipimo chenyewe. Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha katika jarida la Science kwamba watu hupotoshwa na desturi ya kupima umbali kwa kiasi cha mafuta. Tuchukue kilomita 12,000. Aliyetoka kilomita 20 kwa lita hadi 25 ameokoa lita 120. Shule iliyobadilisha pikapu yake kutoka kilomita 6 kwa lita hadi 8 imeokoa lita 500. Sikio husikia kwamba tano ni kubwa kuliko mbili; tangi linasema vingine. Dawa ni kugeuza kipimo na kusema lita kwa kila kilomita 100. Hapo Aqua ya maabara ya Kijapani inakuwa lita 2.8, ya mjini Marekani lita 4.4, na Yaris lita 7.8. Tarakimu hizo zinaweza kuzidishwa kwa bei ya petroli moja kwa moja bila kumpotosha mtu.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi atende, asikariri tu. Ni zoezi gani lililo rahisi na lenye manufaa kuliko hili? Jaza tangi mpaka bomba la kituo likate lenyewe. Andika kilomita zilizosomeka kwenye mita. Endesha kama kawaida kwa wiki moja, urudi kwenye bomba lilelile, ujaze tena, uandike lita zilizoingia. Gawanya lita kwa kilomita, kisha zidisha kwa 100. Rudia mara tatu au nne, maana mara moja haitoshi kuwa ushahidi. Usitegemee kioo cha dashibodi pekee, kwani nacho hukadiria. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafuta ni mali. Darasa lililopima magari ya walimu wake, basi la shule likiwemo, litakuwa limejifunza uwiano, wastani na fizikia ya nguvu bila kununua kifaa chochote.

Vyama vya akiba na mikopo navyo vina wajibu. Kabla ya kumkopesha mwanachama, vimwonyeshe hesabu mbili, ile ya muuzaji na ile ya barabara. Wauzaji nao wataje jina la kipimo kila wanapotaja tarakimu, wala wasichukue alama ya maabara ya Japani na kuiita mwendo wa Nairobi.

Serikali nayo isikae kando. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, magari mapya yanayosajiliwa tangu 2021 hubeba chombo kinachorekodi mafuta yanayotumika hasa. Ripoti iliyotolewa Machi 2024 kutokana na rekodi hizo ilionyesha kwamba magari ya haibridi yanayochajiwa kwa umeme wa ukutani, ambayo si sawa na hizi Aqua zetu, yalitoa hewa chafu mara tatu na nusu zaidi ya ilivyodaiwa maabarani. Kama bara lenye maabara bora kiasi hicho limeona haja ya kuuliza barabara, sisi tunaopokea magari yao na ya Wajapani yakiwa yamekwisha kutumika tuna haja kubwa zaidi. Kila gari linalouzwa na libandikwe karatasi kwenye kioo, ikionyesha lita kwa kilomita 100 mjini, kipimo kilichotumika, na hali ya betri ilivyopimwa siku ya kuuzwa.

Kenya haichimbi mafuta ya kuitosheleza, na mtambo wa kusafisha mafuta wa Mombasa uliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Kila lita inayochomwa kwenye msongamano wa Mombasa Road imenunuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hivyo magari haya yaje, tena kwa wingi. Lakini yaje na hesabu ya kweli, ili mwalimu atakayeyanunua ayalipie kwa kile yanachotoa katika barabara zetu.