Uvimbe mgumu titini hauumi, lakini haungoji



Mama wengi kwetu Bukavu wana kipimo kimoja cha ugonjwa: maumivu. Kinachouma kinapelekwa kwa munganga. Kisichouma kinangoja mpaka watoto walipiwe shule, mpaka kodi ya nyumba ipatikane, mpaka vita viishe. Kwa kansere ya titi kipimo hicho kinaua. Uvimbe wa kansere mara nyingi huanza bila kuuma hata kidogo. Unachoonyesha mwanzoni ni ugumu: kitu kama kokoto ndani ya nyama laini.

Maoni yangu ni haya: katika mji kama wetu, ugumu huo ndio alama ya kwanza tunayoweza kuitumia, maana unatambulika kwa mkono wala hauhitaji mashine. Lakini watu hawatauamini mkono wao kama hawajaelezwa ugumu unatoka wapi. Basi tuelezane.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, lakini seli hazikai hewani. Zimelala juu ya matandiko ya nyuzi na utelezi yanayozishika pamoja. Wataalamu huyaita matriksi ya nje ya seli. Sehemu kubwa yake ni protini. Ya kwanza ni kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, yenye nyuzi imara kama kamba ya katani. Nyingine ni fibronektini, inayounganisha seli na nyuzi. Nyingine ni laminini, ambayo pamoja na aina moja ya kolajeni hufanya utando mwembamba unaozunguka mifereji ya maziwa.

Utando huo ni kama ukuta wa kiwanja. Seli zikiharibika na kuongezeka ndani ya mfereji huku ukuta ungali mzima, ugonjwa bado umefungiwa nyumbani. Zikiukata ukuta na kutoka, hapo kansere imeanza kuvamia, na inaweza kufika kwenye damu na kwenye tezi za kwapani.

Seli za kansere haziishii kuvunja ukuta. Zinawageuza hata majirani. Ndani ya titi kuna seli za kawaida ambazo kazi yao ni kufuma nyuzi, zile zile zinazofunga kidonda. Kansere inazichochea zifume bila kuacha. Kolajeni inarundikana, kisha kimeng'enya kiitwacho lisili oksidezi kinafunga nyuzi moja kwa nyingine mpaka zinakaza. Ndiyo sababu uvimbe unakuwa mgumu. Kokoto unayoigusa si seli za kansere peke yake, ni pamoja na nyuzi zilizosokotwa kuzizunguka. Nyuzi hizo zinaweza kuvuta ngozi ikabonyea, au kuvuta chuchu ikaingia ndani. Na zinaponyooka kutoka kwenye uvimbe kwenda nje, seli za kansere huzifuata kama watu wanavyofuata njia ya miguu mlimani.

Wazo kwamba jirani wa seli ana neno katika ugonjwa huu ni la zamani. Mwaka 1889 munganga mmoja wa London, Stephen Paget, alisoma kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansere ya titi. Aliona ugonjwa hausambai ovyo: ulipenda kwenda kwenye ini kuliko bandama, ingawa damu inafika pote pawili. Akasema kansere ni kama mbegu, nayo huota pale tu udongo unapoikubali. Mkulima wa Kabare hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1997, kundi la Mina Bissell kule Berkeley, Marekani, lilichukua seli za kansere ya titi na kuzikuza maabarani ndani ya matandiko ya protini. Likaziba mlango mmoja ambao seli hutumia kuyashika matandiko hayo. Seli zile zikarudi kujipanga karibu kama seli za kawaida, ingawa jeni zao zilibaki na kasoro zile zile. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba udongo una nguvu juu ya mbegu.

Lakini tusidanganyane. Kilichofanyika maabarani bado hakijawa dawa ya kuyeyusha nyuzi hizo ndani ya titi la mgonjwa. Anayekuuzia chupa sokoni akisema inayeyusha uvimbe, anakuuzia muda wako mwenyewe. Hata ile kolajeni ya unga inayouzwa kwa ajili ya ngozi haitibu kansere. Tiba inayojulikana ni upasuaji, dawa za kansere, dawa za homoni kwa wanaozihitaji, na mionzi.

Hapa ndipo jambo linatugusa. Mashine ya mionzi hatuna Bukavu. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamevuka Ruzizi kwenda Rwanda, ambako kituo cha kansere cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012. Wengine walipanda ndege kwenda Kinshasa. Tangu Februari 2025, vita vilipofika mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu na benki vilifungwa, na safari ya Kinshasa ikawa ndoto kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo tofauti kati ya uvimbe mdogo na mkubwa kwetu ni kubwa kuliko kwa mama wa Nairobi. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa na wapasuaji walio hapa hapa. Ule uliokwisha kushika ngozi na kwapa unadai safari na pesa ambazo jamaa hana.

Najua mtakayoniambia. La kwanza: kuna kipindupindu, kuna surua, kuna majeruhi wa risasi; titi lingoje. Nawaheshimu wanaopambana na hayo. Lakini mama aliyekimbia Nyabibwe na watoto watano ndiye nguzo ya jamaa yake. Akifa mwaka ujao kwa kansere iliyoweza kuonekana mwaka huu, watoto wale watakuwa wamekimbia mara ya pili. Kupapasa matiti hakuchukui kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu. Kunachukua dakika chache za infirmie aliyefundishwa, mama akiwa ameshakuja kwa ajili ya chanjo ya mtoto.

La pili: bila mamografi, mtagundua nini? Mamografi inasaidia, lakini ina mpaka. Titi la mwanamke kijana lina nyuzi nyingi, na kwenye picha nyuzi ni nyeupe, uvimbe nao ni mweupe. Kwa vijana ekografi huonyesha vizuri zaidi, na ekografi tunazo mjini. Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotangaza mpango wake wa kansere ya titi mwaka 2021, halikusema kila kijiji kingoje mamografi. Liliweka malengo matatu: kansere 60 katika kila 100 zilizokwisha kuvamia zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mama afike kituoni, na wagonjwa 80 katika 100 wamalize tiba yao.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: ni karuho, amerogwa, ni adui wa nyumba ya pili. Au: ukikatwa kisu, kansere itasambaa. Ndugu zangu, nyuzi zilizokaza hazikutumwa na jirani. Na kisu cha mpasuaji si chanzo cha kusambaa. Watu wanaona mama amepasuliwa kisha akafa, lakini mara nyingi alifika hospitali ugonjwa umeshatoka kitambo. Muda uliopita kwa mganga wa mitishamba na kwenye vyumba vya maombi ndio uliosambaza. Ombeni, sikatazi. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Ninachodai ni mambo matatu. Kwanza, zone za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira ziingize kupapasa matiti katika kazi ya kila siku ya vituo, na wanaosaidia wahamaji wafanye vivyo hivyo. Pili, kila mama aliyekutwa na uvimbe apewe karatasi yenye tarehe na jina la hospitali ya kwenda, na mtu wa kumfuatilia mpaka majibu yatoke. Siku 60 zihesabiwe kweli. Mhamaji asiye na anwani ndiye wa kwanza kupotea, basi ndiye wa kwanza kufuatiliwa. Tatu, waume waache kuwa lango lililofungwa. Mama haombi ruhusa ya kutembea; anaomba nauli ya kwenda kujua kama atawalea watoto wako.

Na wewe mama, dada, nyanya unayenisikiliza: yajue matiti yako. Yaguse ukioga, ujue yalivyo siku zote, ili ujue yanapobadilika. Uvimbe mwingi si kansere. Kwa wasichana mara nyingi ni ule laini wa mviringo unaoteleza chini ya kidole, na munganga atakuambia ukae kwa amani. Lakini usijipime hukumu mwenyewe, kwa maana kuna kansere zisizokuwa ngumu vile na kuna uvimbe mgumu usio kansere. Kitakachosema ukweli ni kipande kidogo kitolewe na kutazamwa maabarani. Nenda haraka ukiona uvimbe mpya, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu ikitoka kwenye chuchu, au kitu kigumu kwapani. Wababa pia, mara chache, hupata ugonjwa huu. Msidharau uvimbe nyuma ya chuchu.

Vita vimetufundisha kungoja: kungoja njia ifunguliwe, kungoja mshahara, kungoja kurudi nyumbani. Katika hayo mengi hatuna uwezo. Katika hili tunao. Ukigusa leo kitu kigumu kisichouma, usikingoje kiume. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu, na kama mama mwenzako anaogopa, mshike mkono mwende wote.