Chuma cha 57 na Matanuri ya Buhaya



Yako maneno yapitayo baina ya vijana, kwamba Suratul-Hadid, yaani sura ya Chuma, ni ya 57 katika Msahafu, na wataalamu nao wana chuma kiitwacho cha 57. Basi, wasema, hoja imetimia. Ingefaa kwanza wakiulize chuma chenyewe. Katika kila atomu 100 za chuma, mbili hivi tu ni za 57. Zipatazo 92 ni za 56, na sura ya 56 ni Al-Waqia. Qurani haina haja ya mhimili wa namna hiyo.

Lakini chuma hicho kina habari iliyo bora zaidi. Mvuvi arukaye kutoka mtumbwini hadi ufukoni huusukuma mtumbwi nyuma, na mruko wake hupungua nguvu. Akiruka kutoka juu ya mwamba hapungukiwi na kitu. Kiini cha atomu nacho, kitoapo mwali wa gama, hurudi nyuma vivyo hivyo. Bali Mjerumani Rudolf Mössbauer alionyesha mwaka 1958 kwamba atomu iliyoshikamana na wenzake ndani ya kitu kigumu mara nyingine hukifanya kitu kizima kuwa mwamba wake. Mwali hutoka na nguvu kamili, na kiini kingine cha jinsi yake huweza kuupokea na kuutawanya tena. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Basi mtaalamu huchukua kobalti ya 57, ambayo hugeuka kuwa chuma cha 57 na kutoa miali, akaisogeza mbele na nyuma kwa milimita chache tu kwa sekunde, huku akitazama ni kwa mwendo gani jiwe lililo mbele yake huipokea. Chuma kitupu kina alama zake, kutu ina zake. Mwaka 2004 vyombo vya namna hii vilifika katika sayari ya Mars, vikasoma miali iliyorudishwa na mawe, bila ya kuyasaga.

Nasi tunayo ya kusomwa. Huko Katuruka, karibu na Maruku, na Kemondo, njiani mtu atokapo Bukoba kwenda Muleba, yamechimbuliwa mabaki ya matanuri ya wahunzi wa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, pamoja na mavi ya chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba wahunzi hao waliipasha moto hewa ya mivuo kabla haijafika penye makaa; wataalamu wengine wamebishana nao. Kijana wetu aliyejifunza miali hii aweza kukiweka mbele ya chombo kipande kisicholiwa na kutu, akaona chuma kilichobaki humo kimefungamana vipi na oksijeni. Kwa hayo hujulikana kama ndani ya tanuri hewa ilikuwa nyingi au haba.